Mdogo wangu kaambiwa ana homa ya uti wa mgongo ya virusi, sindano zimekatishwa. Ni sahihi hii?

Dada wa Kihesa:

Wakuu habari za muda huu. Naomba wenye uelewa mnisaidie maana nyumbani hakukaliki.

Mdogo wangu wa kiume, miaka 22, anasoma chuo Morogoro. Alianza na homa na kichwa, akajua ni malaria kama kawaida yetu, akanunua mseto duka la dawa akameza bila kupima. Kichwa kikazidi. Akawa hawezi kuangalia taa, anatapika, shingo imekaza hadi kidevu hakifiki kifuani. Wenzake wa hosteli wakampakia bajaji usiku wakamkimbiza hospitali. Malaria wakapima, hakuna. Wakamwekea dripu na sindano za mshipa (zile Powercef), wakasema wanataka kumtoa maji ya uti wa mgongo wakayapime.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Baba mdogo anakaa Kihonda, ndiye aliyewahi kufika, akagoma kusaini. Anasema kijijini kwetu kila anayemkumbuka katolewa maji hayo ama alikufa ama alipooza. Wakavutana na manesi hadi kumekucha. Asubuhi mdogo wangu akapata nguvu kidogo akasaini mwenyewe, ni mtu mzima, wakamtoa.

Majibu nayaandika kama yalivyo kwenye karatasi: maji safi, hayana rangi. Seli nyeupe 140, limfosaiti asilimia 85. Protini 0.7. Sukari 3.4, sukari ya damu 5.6. Gram (kipimo cha kutafuta bakteria) hakuna vimelea. CrAg hasi. GeneXpert hakuna TB. HIV hasi. Siku ya tatu wakasema kuotesha vimelea nako hakujaota kitu, ni virusi, wakakatisha sindano, wakamruhusu na Panadol, apumzike, arudi baada ya wiki.

Mama kapagawa. Anasema tumefukuzwa kiaina kwa kuwa hatuna hela, anataka tumhamishie kituo cha binafsi aendelee na sindano hata siku kumi. Baba mdogo yeye anasubiri miguu ianze kufa ganzi aseme "niliwaambia".

Je, ni sahihi kukatisha? Virusi hivyo havina dawa? Na wale wenzake wanne wa chumbani wapewe kitu?

Kinyozi255:

Dada mtoeni hapo haraka sana. Homa ya uti wa mgongo siyo ya kuchezea, binamu yangu alipigwa sindano wiki mbili nzima ndipo akasimama. Leo mtu anapewa Panadol? Panadol hata mimi ninazo hapa saluni. Hospitali zetu zikishindwa kujua ugonjwa zinasema "virusi".

Mzee Hadubini:

Dada pole sana, na bi mkubwa mpe pole zangu. Kabla hamjamhamisha kijana, nisome hadi mwisho halafu mtaamua wenyewe. Mimi si daktari. Ni mtu wa maabara, hospitali ya mkoa, na kazi yangu ni kupokea vile vichupa ambavyo baba mdogo hakutaka vijazwe. Mgonjwa hanijui, ndugu hawanijui, hata daktari akinipigia simu ananiita "maabara". Lakini jibu la swali lako linatokea mezani kwangu.

Hayo majibu uliyoandika hayasemi "tumeshindwa". Nitakusomea.

Maji ya uti wa mgongo ya mtu mzima ukiyaweka kwenye kichupa huwezi kuyatofautisha na maji ya kunywa. Ya mwenye bakteria mara nyingi nayajua kabla sijavuta kiti: yanakuja yamechafuka, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Ya mdogo wako ni safi. Hilo halimalizi mjadala, kwa sababu seli 140 haziwezi kuonekana kwa macho. Ukungu unaanza kuonekana zikishapita 200 hivi. Ndiyo maana hatuishii kutazama kichupa dirishani.

Tunahesabu. Kuna kioo kinaitwa chemba ya Neubauer, kina miraba imechorwa ndani. Natia tone, naacha dakika chache seli zitulie, naanza mraba wa kwanza hadi wa tisa, kidole kwenye kihesabio. Mtu mzima mwenye afya ana seli nyeupe 0 hadi 5 kwa kila milimita moja ya ujazo. Mdogo wako ana 140, kwa hiyo ugonjwa upo, wala asiambiwe na mtu kwamba ilikuwa stresi za mitihani. Utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo umewaka kweli. Swali ni nani aliyeuwasha.

Hapo inabidi niangalie sura ya hizo seli. Bakteria akiingia, mwili unatuma nyutrofili, nazo zinakuja kwa mafuriko, elfu na zaidi. Ukizipaka rangi unaona kiini chake kimegawanyika vipande vitatu vinne vilivyoshikana. Limfosaiti ni nyingine kabisa: kiini kimoja cha mviringo, kimejaa karibu seli nzima, pembeni imebaki kingo nyembamba tu. Virusi ndivyo huita hizo. Mdogo wako ana limfosaiti 85 katika kila seli 100. (Ila angalizo: siku ya kwanza kabisa ya virusi nyutrofili zinaweza kutangulia na kutudanganya. Daktari akiwa na shaka hurudia kipimo baadaye.)

Sukari. Hii ndiyo mimi huikimbilia. Sukari ya kwenye maji ya mgongo inatakiwa iwe kama asilimia 60 ya ile ya damu iliyopimwa wakati uleule. Chukua 3.4 gawa kwa 5.6, unapata 0.6. Iko palepale. Bakteria, TB na fangasi huishusha sukari hiyo. Virusi kwa kawaida huiacha. Na wala usidharau ile sukari ya damu waliyompima. Hospitali nyingine wanasahau kabisa kumchoma kidole mgonjwa, halafu mimi naletewa namba moja isiyo na mwenzake, inanisaidia nusu.

Protini 0.7 imepanda kidogo, kawaida mwisho ni 0.45 hivi. Kwa bakteria na kwa TB tungetegemea ipite 1, mara nyingi ipite kwa mbali.

TB na fangasi nao huita limfosaiti, na hao ndio wanaonitisha kuliko wote kwa huku kwetu, maana wanakuja polepole na mtu anaweza kuambiwa "virusi" akarudishwa nyumbani akafie huko. Ndiyo sababu wamempima CrAg, kile kikaratasi cha fangasi wa kriptokokasi, dakika kumi jibu limetoka. Ndiyo sababu wameyapitisha maji kwenye GeneXpert. Ndiyo sababu wamempima HIV. Kinyozi hapo juu anasema wameshindwa kujua ugonjwa. Mimi naona watu waliopiga hodi kila mlango kabla ya kusema ni virusi.

Sasa baba mdogo. Nasema kwa heshima, mimi pia nina watoto wa kaka zangu.

Uti wenyewe wa mgongo, ile kamba ya mishipa ya fahamu, kwa mtu mzima unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano. Daktari anapapasa mifupa ya nyonga pande zote mbili, anavuta mstari wa kufikirika, anapata mahali. Hapo ndani kamba imeshaisha, kuna mishipa inayoning'inia kwenye maji. Ni eneo lilelile wanalochomwa akina mama ganzi ya upasuaji wa kujifungua, na sijasikia kijiji kinachokataza wajukuu. Maji yenyewe mtu mzima anayo kama mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili unatengeneza kama 500 kwa siku. Tunachochukua ni vijiko viwili vitatu vya chai hivi, na kabla mgonjwa hajamaliza uji wake yamesharudi.

Waliokufa kijijini baba mdogo anawakumbuka kweli, simbishii. Lakini walifikishwaje? Wiki ya pili, wameshapita kwa mganga, wamepoteza fahamu, wamepigwa degedege. Sindano ya mgongo ikawa jambo la mwisho familia ililoliona, ikabebeshwa kifo. Ipo hali ambayo daktari mwenyewe haruhusiwi kuchoma: fahamu zimeshuka sana, upande mmoja wa mwili umelegea, anapata degedege, damu haigandi vizuri, au ngozi ya pale ina jipu. Wanaangalia hayo kwanza.

Halafu kuna hasara ya ule usiku wa mabishano ambayo hakuna atakayewaambia. Sindano za Powercef walianza usiku, wakafanya vyema kwa sababu bakteria haisubiri maabara. Maji yakatolewa asubuhi. Bakteria anayeitwa meningokokasi anaweza kupotea kwenye maji ndani ya saa mbili tu tangu dawa iingie. Mwenzake, nimokokasi, anaanza kupotea zikishapita saa kama nne tangu dawa iingie. Kwa hiyo mtu wa maabara wa huko alipoandika "hakuna kilichoota", hilo neno limepungua uzito. Mimi kwa jibu lile peke yake nisingelala. Kinachonipa usingizi ni seli: dawa ya usiku mmoja inaua bakteria, inaweza hata kuisogeza sukari juu, lakini haiwezi kufagia nyutrofili elfu moja zikabaki limfosaiti 120.

Maswali mawili ukamuulize daktari wake. Moja: walichukua damu ya kuotesha kabla ya sindano ya kwanza? Pili: anajua kila kitu kijana alichomeza kabla ya kwenda? Siyo mseto tu. Duka la dawa huwa hawauzi mseto mtupu.

Kijana wa Leicester:

Mimi ni Mtanzania nipo Uingereza, nafanya kazi nyumba ya kulea wazee. Ugonjwa huu umenipata huku. Kichwa kile sitaki kukielezea. Nilifunika dirisha kwa blanketi na bado mwanga ulikuwa unaniingia. Hospitali wakanianzishia antibiotiki na asiklovia (dawa ya virusi) kwa mshipa siku hiyohiyo, wakatoa maji ya mgongo, wakayapeleka kipimo cha PCR kinachotafuta vinasaba vya virusi. Jibu likaja: enterovirusi. Unajua walifanya nini baada ya kujua jina lake? Wakatoa dripu zote mbili, wakanipa parasetamoli, wakaniambia nenda nyumbani ukalale.

Kwa hiyo dada, hata kwenye mashine zote hizi, nilitoka na Panadol ileile ya Morogoro. Tofauti yangu na mdogo wako ni kwamba mimi najua jina la aliyenipiga.

Kitu kimoja hawakukazia: uchovu. Homa iliisha, shingo ikalegea, lakini kwa wiki kadhaa nikawa naenda jikoni nafungua friji sikumbuki nimefuata nini. Kelele za basi zilikuwa zinaniumiza. Mwajiri alinirudisha kazini kwa zamu fupifupi. Msimruhusu arudi kwenye mitihani kwa sababu tu anatembea. Aende kwa mlezi wa wanafunzi na barua ya hospitali.

Dada wa Kihesa:

Mzee Hadubini Mungu akubariki, nimemsomea mama kwa sauti, ametulia kidogo. Baba mdogo kasikiliza ile ya akina mama wa upasuaji, kanyanyuka kaenda nje.

Nimempigia mdogo wangu. Anasema duka la dawa walimpa mseto, Diclopa ya maumivu na vidonge vya rangi mbili, amemeza "kama viwili vitatu hivi", havikumbuki jina. Hospitali hakuwaambia kwa kuwa hakuulizwa, na alikuwa anatapika. Damu ya kuotesha anasema alitolewa kwenye chupa kubwa mbili kabla ya dripu, sijui ndiyo hiyo?

Mzee Hadubini:

Chupa kubwa mbili kabla ya dripu ndiyo yenyewe. Huyo aliyekuwa zamu usiku anajua kazi. Jibu la chupa hizo lifuatilieni, zinaweza kukaa kwenye mashine hadi siku tano. Na kapsuli za rangi mbili yawezekana ni amoksilini, lakini msikisie. Arudi dukani apige picha ya pakiti, amwonyeshe daktari. Usiwaache wakaandika faili lisilo na habari hiyo.

Daktari wa Zamu:

Nimepita kimyakimya nikaona nichangie, kwa kuwa kuna jambo la asiklovia limeguswa nusunusu. Mimi si daktari wa huyu kijana, sijamwona, kwa hiyo chukulieni kama maelezo ya jumla.

Kwanza, kwa nini tunaanza sindano kabla ya kujua? Kwa sababu bakteria inaua ndani ya saa chache na virusi kwa kawaida haviui. Siwezi kumtofautisha mgonjwa kwa macho kitandani. Shingo kukaza hakunitofautishii, na wapo wengi ambao shingo haikazi kabisa. Hivyo mtu mzima anapata seftriaksoni (ndiyo hiyo Powercef) gramu 2 kila baada ya saa 12, mara nyingi na deksamethasoni ya kutuliza uvimbe, halafu maabara inaniambia niendelee au niache. Kuacha ni uamuzi wa matibabu sawa na kuanza. Sindano za siku kumi kwa mtu mwenye virusi hazimpunguzii hata saa moja ya ugonjwa. Zinampa kuhara, mishipa ya mkono iliyovimba, na deni.

Pili, dawa ya virusi. Vingi vinavyoleta ugonjwa huu ni enterovirusi, na havina dawa maalumu iliyothibitika. Matibabu ni kupumzika, maji, dawa ya maumivu, dawa ya kutapika. Asiklovia ni kwa ajili ya virusi vya herpesi na vile vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi, na mahali inapookoa maisha ni pale ubongo wenyewe unaposhambuliwa, si utando peke yake. Ishara zake ndizo naomba familia izishike: kijana anaongea vitu visivyoeleweka, tabia imebadilika ghafla, hakumbuki yuko wapi, anapata degedege, mkono au mguu umelegea, analala na haamshiki vizuri. Ukiona mojawapo, usiku huohuo hospitali, wala msisubiri ile wiki. Hapo tunatoa asiklovia kwa mshipa, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 8, siku 14 hadi 21. Vidonge vya asiklovia vya duka la dawa haviwezi kazi hiyo, msivinunue.

Vilevile madoa mekundu au ya zambarau kwenye ngozi yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi, hiyo ni dharura ya bakteria.

Tatu, wenzake wa chumbani. Ingekuwa meningokokasi, wote wanne wangepewa dozi ya kinga. Kwa virusi hawapewi dawa. Enterovirusi hupita zaidi kwa kinyesi na mikono, na mtu anaweza kuendelea kuvitoa chooni kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Kwa hiyo ni sabuni, kutochangia vikombe na vijiko, na choo cha hosteli kisafishwe kweli. Wengi wakivipata wataishia na mafua au tumbo tu, si homa ya uti wa mgongo.

Nne, kipimo cha HIV. Kirusi cha HIV chenyewe kinapoingia mwilini mara ya kwanza kinaweza kuleta picha hii hii, na wakati huo vipimo vya haraka vinaweza kuonyesha hasi. Arudie baada ya wiki 6, na tena miezi 3. Si kumtuhumu mtu, ni utaratibu.

Suala la vile vidonge, naunga mkono aliyesema daktari wake aambiwe. Zipo pia dawa zinazoweza zenyewe kuwasha utando huo bila mdudu yeyote: Septrin ni mojawapo, na baadhi ya dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni. Ni nadra, lakini kama pakiti itakuwa ni Septrin daktari atataka kujua.

Kinyozi255:

Daktari na Mzee nimewaelewa ila bado. Kama hawajui ni kirusi gani, wanajuaje ni kirusi? Hiyo si ndiyo kubahatisha kwa Kiswahili fasaha?

Mzee Hadubini:

Kinyozi, swali zuri. PCR ya enterovirusi hospitali nyingi za mikoa hatuna. GeneXpert tuliyonayo imekuja kwa mlango wa TB na kifurushi chake ni cha TB. Kwa hiyo ndiyo, mara nyingi jina la kirusi hatutalijua kamwe, na faili litafungwa limeandikwa "virusi" tu. Linaniuma kama mtu wa maabara. Ningependa kulijua.

Lakini kubahatisha ni kusema bila kupima. Hapa kuna namba tano zinazoelekea upande mmoja, kuna vipimo vya maadui wakubwa vyote hasi, na kuna mgonjwa anayepata nafuu. Wewe mteja akikujia na mba, unataka jina la fangasi kwa Kilatini ndipo ushike mashine?

Tena nikwambie kinachonikera kuliko kukosa PCR. Maji yakishatoka mgongoni yanatakiwa yafike kwangu ndani ya saa moja. Nyutrofili zinapasuka zikikaa, sukari inaliwa. Nimeshapokea kichupa kilichokaa dirishani wodini tangu raundi ya asubuhi, kina jua la saa nane. Hapo hata ungeniletea mashine ya Leicester, ningesoma nini? Nashauri ndugu yeyote anayeuguza: ukiona maji yametolewa na hakuna anayekwenda maabara, omba uyapeleke mwenyewe. Hatua mbili tatu hizo za korido zinaweza kuamua kama mtu atapigwa sindano siku kumi bure.

Bint Mwambao:

Hamjambo nyote. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, Kilifi upande wa Kenya. Naongeza jambo moja tu kwa wanaosoma wakiwa na watoto wachanga, kwa sababu haya ya shingo na mwanga ni ya watu wazima. Mtoto wa miezi miwili hawezi kukwambia kichwa chamuuma, na shingo yake huwa laini vilevile. Utaona hataki nyonyo, analia sauti nyembamba ukimbeba badala ya kunyamaza, amelegea, ana joto au amekuwa baridi, na utosi umefura akiwa ametulia. Huyo simpi mama yake hesabu za virusi wala bakteria, namwambia twende wodini sasa hivi. Kwa mtoto mchanga hata virusi vya herpesi vya mama vyaweza kuwa hatari kubwa, na asiklovia huanza mapema.

Na chanjo zile za wiki ya 6, 10 na 14 zina kinga ya Hib na ya nimokokasi. Haziwakingi na enterovirusi, lakini zimewaondolea bakteria wawili wabaya sana. Mumalizie zote tatu.

Dada wa Kihesa:

Narudi na habari. Pakiti imepatikana, ni amoksilini, si Septrin. Mdogo wangu alimrudia daktari, kamwonyesha. Daktari kampima upya pale pale, joto hakuna, shingo imelegea, kasema damu ya kuotesha haijaota chochote na ameandika habari ya vidonge kwenye faili. Hakurudisha sindano. Mama amekubali asihamishwe.

Ila kuna jipya. Kichwa kimerudi lakini si kama kile cha mwanzo. Anasema akikaa au akisimama kinagonga nyuma hadi anatapika, akilala chali dakika chache kinaacha kabisa. Hana homa. Baba mdogo kasikia, sasa anatembea nyumba nzima anasema maji yameisha kichwani. Tufanyeje?

Daktari wa Zamu:

Baba mdogo safari hii amekaribia. Kile kitobo cha sindano wakati mwingine kinavuja kidogo kidogo kwa ndani, presha ya maji inashuka mtu akisimama, kichwa kinauma. Huja ndani ya siku tano za mwanzo, na kujilaza kunakituliza; ndiyo alama yake. Alale anapojisikia kulala, anywe maji ya kutosha, Panadol kwa wakati, na chai ya rangi nzito au kahawa inawasaidia baadhi. Wengi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Lakini kutapika huko kukiendelea, au kikiwa hakimruhusu hata kwenda chooni, arudi hospitali. Yapo matibabu ya kuziba kitobo kwa damu yake mwenyewe, wanafanya watu wa ganzi. Na kikija na homa au shingo ikikaza tena, asihesabu siku, aende.

Mzee Hadubini:

Waambie wakati mwingine waombe sindano nyembamba yenye ncha butu, kitobo chake hakivujishi sana. Kama stoo wanazo. Kwetu zinaisha kabla ya mwezi kuisha.

Kinyozi255:

Dada mwambie dogo akipona apite saluni, nywele bure. Na mimi mba ninayo dawa yake, sihitaji Kilatini.